Samaki wa Jubilei

Mbasa mkavu, yule samaki wa ziwani, akiingia ndani, hata awe amefungwa kwenye gazeti na mfuko wa plastiki juu yake, nyumba nzima inajua. Ni harufu ya moshi na mafuta, na chini yake kuna kitu cha ubaridi, kama jiwe lililotolewa majini sasa hivi. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike, anayesoma pale pale nilikosoma mimi, alinijia na mfuko aliopewa na jirani yetu anayetoka Mbaha. Akauweka mezani, akakunja uso. "Bibi, huyu ananuka."

"Hanuki, ananukia," nikamwambia. "Kaa chini nikueleze."

Akakaa, lakini hakukaa kwa ajili yangu. Alikuwa na karatasi ya somo mkononi, maana yeye ndiye atakayesoma somo la kwanza siku ya Jubilei ya shule, mbele ya Askofu na wageni wote, na anasoma hadi mbuzi wanasimama kusikiliza. Mimi siku hiyo nitakaa benchi la mbele kabisa, na anayelitaka benchi hilo aje tugombane. Basi yeye akasoma somo lake, mimi nikabaki na harufu yangu.

Shule ile inasherehekea tena. Jubilei iliyopita nilikuwa mdogo kuliko yeye, na mwaka ule ndio mwaka ambao mama yangu alishuka ziwani.

Wenzangu wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Sabuni ilikuwa imerudi madukani na mtu aliweza kununua mche mzima bila kupanga foleni wala kujuana na mtu wa duka la kijiji. Kahawa yetu, ambayo tangu tuzaliwe ilijua njia moja tu ya kwenda chama cha ushirika, ikaanza kufuatwa na watu wenye malori yao, kila mmoja na mizani yake na kiapo chake. Mitumba nayo ikapanda mlima. Watoto tulikwenda misa na makoti mazito ya nchi za watu, yenye manyoya shingoni, na chini miguu mitupu yenye matope. Tulijiona tumeendelea sana.

Shule yetu ilijengwa na mapadre, serikali ikaichukua, lakini masista wawili watatu waliendelea kufundisha, na msalaba ulibaki ukutani pale pale. Mwalimu Mkuu wa mwaka ule aliletwa na serikali kutoka Kilwa. Alikuwa Mwislamu, mtu mrefu wa kofia nyeupe, na hakuna Mkatoliki aliyeihangaikia Jubilei ile kama yeye. Alipima uwanja kwa miguu yake, akapaka chokaa mawe ya njiani kwa mkono wake. Kitu kimoja tu kilimshinda kwetu, nacho ni chakula. "Watu wa huku mwala maharage asubuhi, maharage mchana, maharage jioni," alikuwa akilalamika. "Hivi hamna hofu ya Mungu?"

Sasa lazima niseme habari ya mlima, maana bila mlima hakuna hadithi. Upande wetu wa Maguu ardhi imesimama wima. Ukiangusha boga mlangoni, unakwenda kulichukua mtoni. Kwa hiyo Wamatengo hatulimi matuta kama watu wengine, tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyaacha yakauke. Kisha wanawake wanayapanga majani yale kwa mistari, mmoja hivi na mwingine hivi, mpaka mteremko wote uwe na miraba kama kitambaa cha drafti. Halafu kila mwanamke anachimba katikati ya mraba na udongo anaurushia juu ya majani, pande zote nne. Kunabaki shimo katikati na kingo kuzunguka, na maharage unapanda kwenye kingo. Mvua ikija, maji yanalala kwenye mashimo. Majani yaliyofukiwa ndiyo mifupa ya ngolo. Msichana wa kwetu anajua haya kabla hajajua kusuka nywele.

Mama yangu hakuwa wa kwetu. Baba alimpata Mbaha, ufukweni, alikokwenda kubadilisha mahindi kwa samaki, akarudi na samaki na mke. Kwao ni mchanga na mihogo. Wanafyeka, wanachoma moto majani, wanainua matuta, wamemaliza. Alipofika mlimani wakampa jembe, akajitahidi, lakini ngolo zake zilikuwa zimekaa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Bibi, mama yake baba, alikuwa akipita nyuma yake shambani, anatengeneza moja moja huku anasonya. Husikii neno, unasikia msonyo tu. Mimi nilidhani ndivyo ngolo zinavyolimwa: mama anachimba, bibi anasonya.

Mwezi wa tatu ikaitishwa ngokela ya shule, yaani kazi ya kusaidiana, kila mama na jembe lake. Juu ya kanisa na madarasa kulikuwa na mteremko wa majani, na Sista Imakulata, aliyeshika mambo ya mapishi, alitaka ulimwe maharage ya kulisha wageni. Chini yake tu ndipo lilipojengwa pango jipya la Bikira Maria kwa ajili ya Jubilei, limepakwa chokaa mpaka linaumiza macho. Kila nyumba ikapewa kipande chake. Mama alimtazama bibi. Bibi akasema, "Leo mguu unaniuma. Jitegemee, mkamwana."

Mama akajitegemea. Aliona wageni watakaokuja ni wakubwa, Askofu na watu wa wilaya, akataka kipande chake kiwe safi kuliko vyote. Akayakusanya majani yote makavu, akayachoma moto, akafagia. Ndiyo, alifagia shamba kwa ufagio. Kisha akachimba mashimo yake, akainua kingo za udongo mtupu, laini, amezipigapiga kwa kiganja kama anayekanda unga. Jamani, kilipendeza! Vipande vya wenzake vilikuwa na majani yanatoka huku na huku kama nywele za mlevi, cha mama kiling'aa.

Mwalimu Mkuu akapita, akasimama. "Enyi akina mama!" akapaza sauti. "Njooni mtazame shamba la Mama wa Ziwani. Safi kama sebule ya bwana harusi! Hivi ndivyo ilivyotakiwa."

Akina mama wakaja, wakatazama. Wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mmoja akasema, "Kweli, mwalimu, hatujawahi kuona ngolo kama hizi." Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama neno. Mimi nikaona kanga zile midomoni nikafikiri ni wivu. Nikasimama karibu na mama, nimetoa kifua mbele, ili wote wajue mimi ni wake.

Maharage yakaota vizuri tu, na yalikuwa yameanza kutoa maua ilipokuja mvua ile ya mwisho, ambayo kila mwaka huja kuaga kwa kishindo. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tukaenda shule. Vipande vyote vya juu vilikuwa vimekaa, mashimo yamejaa maji yanametameta. Kipande cha mama hakikuwepo. Kulikuwa na mfereji mwekundu, na mfereji ule ulikuwa umeteremka moja kwa moja mpaka pangoni. Bikira Maria alikuwa amesimama kwenye matope mpaka kiunoni, na jani la haragwe limemkalia begani.

Watu wakajaa. Bibi yangu, aliyekuja akichechemea na ule mguu wake, akashika kichwa. "Uuuwi! Mwanamke wa ziwani amemzika Mama wa Mungu!"

Hapo ndipo walipocheka kwa sauti. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama alikwenda kuteka maji, akaingia kwenye matope kwa magoti, akamwosha Bikira Maria kuanzia begani mpaka kwenye vidole vya miguu, na yule nyoka anayekanyagwa na vidole hivyo akamwosha pia. Mwalimu Mkuu alivua viatu akasaidia kuzoa tope. Nadhani alijisikia vibaya kwa zile sifa zake za sebule ya bwana harusi.

Maneno ya bibi yalitembea. Kwenye vinu wanawake waliyatia kwenye wimbo wa kutwangia. Darasani, nikiinua mkono, mtu wa nyuma ananong'ona, "Asije akatuzika." Nyumbani ndiko yalikokaa mezani kila siku kama chumvi. Jioni moja tulikuwa tunakula, na bibi akaanza tena, safari hii hakucheka. "Mwanangu, mwanamke asiyejua ngolo utakufa naye njaa. Mrudishe kwao akalime maji."

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa na tonge mkononi. Akalichovya kwenye mchuzi, akalitia mdomoni, akatafuna. Akachukua jingine. Mama aliendelea kumtazama mpaka tonge la pili likaisha, kisha akainuka akaosha vyombo. Mimi niliona watu wanakula, basi. Nimekaa na tonge lile miaka mingi ndipo nikalielewa.

Asubuhi nilipoamka mama hakuwepo. Mkeka wake haukuwepo, na sufuria yake ya kutoka kwao haikuwepo. Nilimkuta baba amekaa kizingitini, anachokonoa tope kwenye jembe ambalo halikuwa na tope.

"Baba, shikamoo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Ameshuka ziwani."

"Kufanya nini?"

Akatazama huku na huku, kama anatafuta jibu uani. Kuku wakampita. "Kutafuta samaki," akasema. "Samaki wa Jubilei."

"Mkeka wa nini?"

"Samaki wa kukausha huchukua muda. Atalala huko."

Sasa mniambie, mtoto wa kumi na kitu, baba yake hajawahi kumdanganya, angefanyaje? Mimi niliamini, na si kuamini tu, nilifurahi. Nikaona mama ameharibu maharage ya wageni, sasa analeta samaki badala yake, na samaki ni bora kuliko maharage, kwa hiyo mama amewashinda wote. Nikaenda shule mbio. Siku hiyo hiyo darasa letu lote likajua. Yule wa nyuma aliponong'ona, nikageuka nikamwambia, "Wewe kwenu mnaleta nini? Mama yangu analeta mbasa wakubwa kama wewe."

Sista Imakulata akaniita. "Ni kweli binti, mama yako anatuletea samaki?"

"Ndiyo, Sista. Amekwenda na mkeka kabisa."

Sista akafumba macho, akashukuru. Maskini, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kugawa kwa parokia nzima. Mwalimu Mkuu alipopata habari alinifuata uwanjani kwa hatua ndefu, kofia mkononi. "Ewe mtoto mwema. Samaki wabichi au wakavu?"

"Wakavu, mwalimu. Wa moshi."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikaona koo lake linapanda na kushuka.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi tukitoka mstarini akaniuliza: "Mama amefika?" Nami nikajibu, "Bado, mwalimu, wanakauka." Aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa wake.

Jumapili iliyofuata katekista akasimama baada ya misa kusoma matangazo. Kuni zitaletwa na kijiji hiki, mahindi na kijiji kile, ng'ombe na halmashauri ya walei. "Na samaki wataletwa na Mama wa Ziwani, Mungu ambariki kwa moyo wake." Kanisa zima likageuka kututazama. Nikamtazama baba nione kama amefurahi. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kipaji kimegusa benchi la mbele. Nikasema moyoni, baba yangu anasali kweli kweli.

Bibi hakusali. Bibi tulipofika nyumbani alimvuta baba nyuma ya ghala la mahindi, nami nikasikia sauti yake ikipanda. "Umemtangaza kanisani mwanamke aliyekukimbia? Utamvua samaki wewe, kwenye migomba?"

"Mama, ni mtoto alisema."

"Na mtoto aliambiwa na nani?"

Neno lile, aliyekukimbia, nililisikia vizuri kabisa. Nikalichukua nikalitafutia mahali pake: mama alikimbia kwa sababu ya haraka. Samaki wa Jubilei ni wengi na siku ni chache, mtu lazima akimbie. Akili ya mtoto ikishaamua jambo, kila unacholeta inakijengea ukutani.

Lakini siku zilipozidi kupungua na mimi nilianza kuwa na wasiwasi, si kwamba mama hatakuja, bali kwamba atachelewa. Mama yangu hakuwa mtu wa haraka. Siku ya gulio nikaenda pale wanakokaa wanawake wa ziwani, wanaopanda na usipa, wale dagaa wa ziwani, kubadilisha na mahindi na maharage. Nilimfahamu mmoja wao, Mama Felista, jirani wa mama huko Mbaha, mwanamke mnene wa sauti nene. Alikuwa ameketi nyuma ya ungo wa usipa anafukuza nzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ee! Si mtoto wa yule? Umekua, miguu tu."

"Nina salamu za mama. Mwambie asichelewe. Mwambie shule nzima inamsubiri na wale samaki wa Jubilei. Mwambie katekista ametangaza kanisani, na Sista amepunguza maharage, na Mwalimu Mkuu anauliza kila siku."

Mama Felista akaacha kufukuza nzi. "Samaki gani?"

"Aliokwenda kuwatafuta."

Akanitazama usoni, nzi wakatua kwenye usipa wake wote. "Nani alikuambia amekwenda kutafuta samaki?"

"Baba."

"Na wewe ukawaambia watu wote."

"Wote," nikasema kwa fahari.

Yule mama akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, kisha akanijazia usipa kwenye kiganja. "Nenda kale. Nitamfikishia, neno kwa neno."

Siku ya mkesha ikafika. Wageni wa mbali walishaanza kuingia, ng'ombe alishachinjwa, nyuma ya madarasa akina mama walikuwa kwenye moshi wa mafiga na masufuria makubwa ya kukodi. Sufuria moja kubwa kuliko yote lilikuwa limekaa na maji matupu. Ndilo la samaki. Sista Imakulata alikuwa akilipita, analitazama, anakwenda, anarudi. Mwalimu Mkuu aliniuliza asubuhi, akaniuliza saa nne, na mchana hakuniuliza tena. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Alasiri baba alivaa koti lake. Koti lile alikuwa akilivaa Pasaka na kwenye misiba. Bibi alikuwa mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Kwa Sista. Kumwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba hakuna samaki, na kwamba sina mke."

Bibi akasogea mlangoni, akampisha. Mimi nikamfuata baba. Kwamba hana mke sikuelewa kabisa, nikafikiri labda wanaume husema hivyo wake zao wanapokuwa safarini. Tulipanda njia ya shule, yeye mbele, mikono mfukoni, mimi nyuma. Tulipofika kwenye kona ambapo njia ya kutoka ziwani inakutana na ya kwetu, upepo ukageuka.

Baba akasimama. Hatukuona kitu. Tulinusa. Moshi, mafuta, na chini yake ule ubaridi.

Kisha zikatokea sauti, na nyuma ya sauti wanawake, msururu wa wanawake wa ziwani wakipanda na matenga vichwani, kanga zimefungwa viunoni, miguu myeupe kwa vumbi. Mama Felista alikuwa anaongoza kwa kupiga yowe kila hatua mbili tatu. Mama alikuwa wa katikati. Alikuwa amekonda, na tenga lake lilikuwa kubwa kuliko ya wote, mikia ya mbasa inachungulia pembeni.

Sikumkimbilia. Watoto wa siku zile hatukukimbilia watu. Nilisimama nikajamba kwa furaha, kama mnataka ukweli.

Mama akafika mbele ya baba, akasimama. Walitazamana.

"Umekuja," baba akasema.

"Nimeambiwa kuna watu wanasubiri samaki."

"Wapo."

"Basi nitue, shingo imekufa."

Baba akalishika tenga akalishusha, koti likaingia mafuta ya samaki na halikupona mpaka siku tuliyomzika nalo. Mama akajinyoosha, akasema polepole, lakini nilisikia: "Siku nyingine nikitukanwa, weka tonge chini."

"Nimesikia," baba akasema.

Nami nikaliweka akilini, nikijua ni adabu ya sherehe. Kesho yake, mbele ya wageni, kila mtu mkubwa alipofungua kinywa nami niliweka tonge chini, mpaka chakula kikapoa.

Kule jikoni akina mama waliinuka mafigani msururu ulipoingia. Mwalimu Mkuu alitokea ofisini, akaona matenga, akageukia ukuta kidogo. Sista akapiga vigelegele, sista mzima! Mama hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja alipokuwa bibi, ambaye alikuwa amewahi kufika kwa njia ya mkato, na akaweka tenga miguuni pake. "Shikamoo, mama. Samaki hao."

Bibi akawatazama samaki. Akainama, akachukua mmoja, akamgeuza, akamnusa. Wote tulisubiri. "Marahaba," akasema. Kisha akawachukua wengine kwa mikono miwili akawatumbukiza kwenye lile sufuria kubwa la maji yanayochemka, kama anavyotia maharage, akachukua mwiko akaanza kukoroga.

"Mama, usikoroge!" mama yangu akasema.

"Nisikoroge niwaache waungue?" Akakoroga. Mbasa wale wakaanza kuachana, nyama huku, mifupa huku, vichwa vinazunguka.

Mama akachungulia sufuriani. Wanawake wote wakanyoosha shingo. Akasema, taratibu kabisa, "Mwanamke wa mlimani amewarudisha samaki ziwani."

Halafu kikaanza kicheko, na nani alikianza? Bibi. Alicheka akashika mbavu, akaangusha mwiko, akakaa juu ya kuni. "Uuuwi, nimewarudisha! Wanaogelea!" Akaufuta uso kwa kanga, akauokota mwiko, akamkabidhi mama. "Shika, mkamwana. Nami nionyeshe."

Mama akamwonyesha. Msimu uliofuata bibi, na mguu wake mzima, alikwenda kwenye kipande cha shule pamoja na mama kabla wengine hawajafika, na nikawaona wameinama pamoja wanapanga majani. Hakukuwa na msonyo.

Jubilei yenyewe naikumbuka kidogo. Askofu alikuwa mfupi kuliko nilivyotegemea. Kwaya iliimba mpaka saa ya chakula ikapita. Mwalimu Mkuu alikula mbasa kwa macho yaliyofumbwa, akaongezewa, akaongezewa tena, na kwenye hotuba yake akasema shule hii ina misingi imara miwili, imani na ziwa. Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Mimi nilielewa.

Nikaishi na hadithi yangu hivyo hivyo. Niliishia darasa la saba, nikaolewa hapa hapa, nikalima ngolo zangu, nikazaa, watoto wangu nikawasimulia jinsi nyanya yao alivyoshuka ziwani kutafuta samaki ili aokoe Jubilei. Mama alikuwa akisikia, ananyamaza.

Mwaka jana, alipokuwa amelala hawezi tena kuinuka, nilimwambia shule inajiandaa tena kusherehekea. Nikamwambia, "Mama, safari hii hatuna wa kumtuma samaki. Unakumbuka ulivyokaa kule mpaka wakakauka wote?"

Akanitazama kwa macho yale yale aliyomtazamia baba. "Sikutumwa na mtu mimi. Nilikuwa nimeondoka."

"Kuondoka vipi?"

"Kuondoka. Mkeka na sufuria. Kaka zangu walishaanza kunijengea kibanda." Akapumzika, pumzi ilikuwa fupi. "Akaja Mama Felista akaniambia, wewe umekaa hapa, kule mlimani mwanao ametangaza unaleta samaki, kanisa zima linasubiri. Nikamwambia samaki gani? Nikakaa siku nzima nina hasira na baba yako. Jioni nikamwambia kaka yangu tutie mtumbwi majini."

"Kwa nini, mama?"

"Nilijua kicheko cha watu wale kilivyo. Mimi nilikiweza. Wewe ulikuwa mtoto, miguu tu."

Nilikaa pale pembeni ya kitanda, mtu mzima mwenye wajukuu, nimeshika mkono wake, naona lile kanisa lote, baba na kipaji chake kwenye benchi. Nikamuuliza, "Na kama nisingemwambia Mama Felista pale gulioni?"

Mama akageukia ukutani, akavuta shuka.

"Mngekula maharage."